Antibiotiki mitoni: tope nalo lipimwe

Mhariri,

Habari za antibiotiki mitoni huja na nambari moja tu: nanogramu kadhaa kwa lita, chini ya kiwango cha hatari, basi watu watulie. Tunaomba msomaji asitulie mpaka aambiwe maji yalichotwa wapi, saa ngapi, na kama kuna aliyegusa tope.

Dawa hizi hazina tabia moja. Amoksilini na jamaa zake wa kundi la penisilini huvunjika majini upesi, kwa hiyo kutoonekana kwao hakuthibitishi kwamba hazikumwagwa. Siprofloksasini na tetrasaiklini, kinyume chake, hunata kwenye chembe za mfinyanzi na kushikamana na kalsiamu na magnesiamu. Mtambo wa majitaka unaojisifu kuondoa siprofloksasini mara nyingi haujaiharibu, umeihamishia kwenye tope lake. Tope hilo likitandazwa shambani kama mbolea, mvua ina njia ya kulirudisha mtoni. Sulfamethoksazoli nayo ina hila yake: mwili huibandika kikundi cha asetili, yaani kipande kidogo cha kemikali, vijidudu vya mtamboni hukibandua, na dawa hurudi ilivyokuwa. Ndiyo maana yapo maji yanayotoka mtamboni na dawa nyingi kuliko yalivyoingia.

Kwenye mlango wa mto upimaji ni mgumu zaidi. Maji baridi yakikutana na chumvi, chembe laini hugandana na kuzama pamoja na dawa zilizozinata. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu zaidi, hulitibua tope hilo na kulipeleka juu na chini ya mto. Anayechota mara moja tu, maji yakiwa yamejaa, anapima bahari. Achote yakiwa yamekupwa kabisa, achote tena yakijaa, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huku akiandika kiasi cha chumvi kila mara. Na achukue sentimita 2 za juu za tope. Chaza na kome wanaochuja chembe hizo hawasubiri ripoti yetu.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia, kwani mwanga huiharibu siprofloksasini njiani. Sampuli ikae kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, ichujwe na kupitishwa kwenye katriji ya kunasa dawa mapema, ndani ya saa 24 ikiwezekana. EDTA, kemikali inayoyashika madini, itiwe kabla ya katriji, la sivyo tetrasaiklini hubaki mikononi mwa madini na matokeo husoma pungufu. Chumvi nayo hufifisha ishara ya mashine ya kupimia dawa, hivyo dawa rejea zenye isotopu nzito, yaani dawa zilezile zenye atomi nzito kidogo na kwa kiasi kinachojulikana, ziongezwe mwanzoni kabisa. Zikiongezwa mwishoni hazitaonyesha kilichopotea njiani.

Halafu hicho kiwango cha hatari: ni hatari kwa nani? Kiwango kinachomwua samaki hakituhusu sana hapa. Kinachohusu ni kile kinachowapa nafasi bakteria sugu kuwashinda wenzao, nacho ni kidogo mno. Kwa siprofloksasini, pendekezo la watafiti la mwaka 2016 ni mikrogramu 0.064 kwa lita. Huko Patancheru, karibu na Hyderabad, India, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta hadi mikrogramu 31,000 kwa lita katika maji yaliyokwisha kusafishwa na mtambo uliohudumia viwanda vya dawa takriban 90. Ni karibu mara laki tano ya kiwango hicho, na zaidi ya kinachopatikana katika damu ya mgonjwa aliyemeza kidonge.

Maabara isiyo na mashine ya kutambua dawa moja moja isikate tamaa. Kifaa cha PCR, yaani cha kuzidisha vipande vya DNA, kinachohesabu nakala kinatosha kupima jeni ya bakteria iitwayo intI1, inayoandamana na uchafuzi wa binadamu na jeni nyingi za usugu. Nakala zake zigawanywe kwa idadi ya jeni ya 16S, ambayo bakteria wote wanayo, ili tope lenye bakteria wengi lisionekane chafu kwa sababu ya wingi wao tu.

Ni sisi,
Wapimaji wa ubora wa maji