Kwa Nini Mashine Inapona Ikimwona Fundi

Mwalimu mmoja kutoka Kyela alifika dukani kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, saa sita mchana. Laptopu ilikuwa ndani ya begi, begi ndani ya kiroba cha mchele, maana njiani, Tukuyu, ilikuwa inanyesha, na Tukuyu ikinyesha haiulizi umebeba nini. Alikuwa ameondoka na Coaster ya alfajiri, akashuka Nane Nane, akapanda bajaji mpaka kwetu. Hata kukaa hakukaa.

"Fundi, hii imekufa. Feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikibonyeza faili naweza kwenda kuchota maji nikarudi, halijafunguka."

Tukaiweka mezani, tukachomeka chaja, tukabonyeza. Ikawaka. Faili la matokeo ya wanafunzi likafunguka kabla hajamaliza kutueleza jinsi lisivyofunguka. Feni kimya. Mashine imetulia kama mtoto aliyelia homa usiku kucha, akifika zahanati anaomba biskuti.

Mwalimu akaitazama, akatutazama sisi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi si mwongo, fundi."

Tunajua, mwalimu. Na wewe unayesoma hapa, tunajua. Jambo hili linatufika karibu kila siku, na linaleta maneno. Mteja anaona aibu, anahisi tunamcheka moyoni. Sisi nasi tunaogopa asije akadhani tumeigusa kidogo kwa siri ili tumdai hela. Vijana wa dukani wameipa hali hii jina: kuogopa sindano. Waandishi wa programu wana jina lao pia. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani, Jim Gray, aliyagawa makosa ya programu mafungu mawili. Kuna kosa ambalo liko palepale kila ukirudia, hilo akaliita Bohrbug. Na kuna lile ambalo ukigeuka kulitazama limeshatoweka, akaliita Heisenbug, kwa jina la mwanafizikia Werner Heisenberg. Kwa hiyo mwalimu hakuwa mwongo, alikuwa na Heisenbug ndani ya kiroba.

Sasa kwa nini inapona? Tuanze na sababu inayotuudhi kuliko zote: Windows ukiizima, haizimiki.

Tunasema kweli. Tangu Windows 8, mwaka 2012, ukibonyeza pale palipoandikwa Shut down, mashine inafunga programu zako, halafu kile kiini cha mfumo chenyewe inakihifadhi kwenye diski kikiwa usingizini. Kesho ukiwasha, haianzi upya. Inamwamsha yuleyule wa jana. Ni kama mlinzi aliyekuaga jioni kwamba anakwenda nyumbani, kumbe amelala nyuma ya ghala na buti zake mguuni. Kama jana alikuwa amechanganyikiwa, leo anaamka amechanganyikiwa vilevile. Waliotengeneza Windows walifanya hivyo ili mashine ziwahi kuwaka, enzi ambazo diski nyingi zilikuwa zile za kuzunguka, polepole. Anayezima kweli ni yule wa Restart. Yaani kitufe kinachosema "zima" hakizimi, na kinachosema "anza upya" ndicho kinachozima. Aliyepanga hivi hajawahi kukaa nyuma ya meza ya fundi.

Tukamuuliza mwalimu, "Umewahi kubonyeza Restart?"

"Ya nini, wakati naizima kila jioni?"

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Mtu wa mjini mwenye bando huokolewa na masasisho ya Windows, yale yanayokuja wakati mbaya na kulazimisha mashine ianze upya katikati ya kazi yako. Tunayatukana sote, lakini angalau yanazima mashine kikweli. Mwalimu bando lake ni la WhatsApp ya simu, laptopu yake haionji intaneti mpaka afike mjini. Kwa hiyo mlinzi wake alikuwa macho tangu muhula ulipofunguliwa. Alfajiri ile ya safari iliganda kabisa, naye kwa hasira akashikilia kitufe cha kuwashia kwa kidole mpaka ikakata moto, akaitia begini, akakimbilia Coaster. Ukishikilia kitufe namna hiyo, mashine inazimika kweli, na itakapowashwa inaanza moja. Hasira zake ndizo zilizoitibu. Ila hakukaa kuona matokeo, alikuja kuyaona mbele yetu.

(Msiige. Kufanya hivyo mashine ikiwa inaandika kitu kwenye diski unaweza kupoteza faili. Restart ipo, ni ya bure.)

Ukitaka kujua mlinzi wako ana muda gani kazini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, utazame palipoandikwa Up time. Tumewahi kukuta mashine za zaidi ya miezi miwili, wenyewe wakiapa wanazima kila siku. Na ukitaka kuzima kikweli bila kuingia kwenye mipangilio, shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down. Mashine yoyote inayopita hapa kwetu, mwenyewe akikubali, hiyo tabia ya usingizi tunaiondoa bila malipo. Kama una diski ya SSD, ile isiyozunguka, utapoteza sekunde chache tu asubuhi. Zitumie kusalimia watu.

Kuna wateja wanaokasirika wakiambiwa "zima, uwashe". Wanaona ni dharau, kwamba fundi hajui kitu na anapoteza muda. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza wenye ndege za Boeing 787 wawe wanazizima umeme na kuuwasha tena, kwa sababu ilibainika kwamba zikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabu kimoja kwenye mitambo ya jenereta kinajaa, na ndege inaweza kukosa umeme wote. Ndege nzima iliambiwa zima, uwashe. Haikukasirika.

Sababu ya pili ni Mbeya yenyewe. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, hapa mjini ni kama 1,700. Kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hushuka kwa wastani nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo yule mwalimu alipofika kwetu alikuwa ameipeleka laptopu yake mahali penye nafuu ya nyuzi 7 au 8. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mtumiaji anaona tu kwamba mashine imekuwa nzito. Kwa mashine ambayo feni imeziba, nyuzi 8 si ndogo. Inayougua Kyela inafika Uyole imeanza kujisikia vizuri, na kwetu inafika mzima. Akishuka nayo, homa inarudi palepale, na mwalimu anaamini amelogwa.

Tukamwomba ruhusa, tukaifungua. Ndani ya feni palikuwa na blanketi. Vumbi jeupe la chaki limeshikana na nyuzi za foronya, kwa sababu jioni husahihisha akiwa kitandani, laptopu juu ya mto. Tukapuliza kwa blowa, tukafuta ile peste ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, tukapaka mpya. Hiyo ndiyo kazi aliyolipia. Kuwashwa na kuwaka hakulipia.

Huku kwetu juu mambo yanageuka. Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi, simu zinakata moto zikiwa na asilimia 30, hasa za bodaboda na akina mama wanaowahi sokoni. Wa Makete na Njombe wanalijua hili kuliko sisi. Baridi inapunguza kasi ya kemia ndani ya betri, na betri iliyochoka inashindwa kusukuma umeme wa kutosha, hivyo simu inajizima ili isiharibike, japo chaji ipo. Mwenyewe anatuletea saa nne, jua limeshatoka, simu imepata joto mfukoni. Tunawasha, ina asilimia 30 zake zote. "Fundi, haki ya Mungu ilizima!" Ilizima, dada. Betri yako imezeeka, dawa yake ni kubadilishwa, na kwa sasa simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usiianike juu ya jiko la mkaa. Mmoja alifanya hivyo, akaondoka hapa na simu nyingine.

Na kuna barabara. Kompyuta ya mezani isiyowaka nyumbani, ikabebwa kwenye bajaji kupita makorongo ya mtaa, inaweza kuwaka ikifika kwetu kwa sababu kadi ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iliyokuwa imelegea imerudi mahali pake kwa mtikisiko. Tatizo ni kwamba bajaji ya kurudi nayo ina mtikisiko. Wakati mwingine ni umeme tu: kwako soketi moja imebeba ekstensheni yenye pasi, jiko la umeme na friji, kwetu mashine inapata umeme uliotulia. Au umeacha chaja nyumbani, umekuja na mashine, tunaichomeka kwenye chaja yetu, inapona. Mgonjwa ni chaja, na chaja iko Mbalizi.

Halafu kuna sababu ambayo hatuitaji mbele ya mteja, tunaitaja hapa kwa kuwa humu hatutazamani usoni. Mtu akiwa peke yake anabonyeza kwa hasira mara kumi na tano. Akiwa na fundi pembeni anabonyeza mara moja na kusubiri, kama anavyoendesha gari vizuri akimwona trafiki. Mara nyingi hiyo inatosha.

Basi fanya hivi kabla hujatoka nyumbani. Bonyeza Restart, kisha tumia mashine nusu saa uone kama ugonjwa bado upo. Ukiwepo, chukua simu urekodi video fupi: skrini inavyoganda, feni inavyolia, maneno yanayotokea. Skrini ikigeuka buluu, ipige picha kabla haijapotea, zile herufi zinazokuchosha macho sisi zinatupa pa kuanzia. Njoo na chaja. Na ukifika, usituambie "imekufa", tuambie ulikuwa unafanya nini ilipoanza. Kama ilinyweshwa chai ya maziwa, sema. Tukifungua tutainusa, kwa hiyo siri haipo, kinachopotea ni muda tu. Mende nao hawana haja ya kufichwa: msimu wa baridi ving'amuzi na kompyuta ndizo nyumba zao za joto, hakuna atakayekuona mchafu. Chuo cha Harvard mwaka 1947 walimtoa nondo ndani ya kompyuta yao, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba sasa mdudu amepatikana kwelikweli, maana kwa Kiingereza hitilafu ya mashine huitwa bug, yaani mdudu. Sisi wa kwetu hatuwabandiki.

Kuhusu malipo, ili tusigombane: kuchunguza mashine ni shilingi 5,000, na ukikubali tuitengeneze inaingia kwenye gharama ya kazi. Ikipona mezani kabla hatujaifungua, hatudai kitu. Unaweza kuiacha siku moja tuiendeshe kutwa nzima tuone kama itarudia, hilo nalo ni bure. Wa kutoka mbali, Kyela, Chunya, Tunduma, tupigie kwanza na ututumie ile video. Nauli ya Coaster ni bora inunue peste kuliko kuja kuona mashine ikikuaibisha.

Mwalimu alilipa, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akairudisha laptopu kwenye kiroba. Alipofika mlangoni aligeuka akauliza kama kweli haina tatizo lingine, tukamwambia tatizo lingine ni ule mto.

Akaomba risiti. Hapo ndipo tulipoumbuka. Husimuliwa kwamba mwanafizikia Wolfgang Pauli alikuwa na nuksi ya ajabu, akiingia maabara vyombo vinaharibika, hata mwenzake Otto Stern akampiga marufuku kukanyaga maabara yake. Printa yetu inatuona sisi sote kuwa akina Pauli. Tukiiagiza, karatasi inakwama. Akija fundi wa duka la jirani kuitazama, inachapa safi kurasa tatu mfululizo, naye anatuangalia. Kwa hiyo risiti utaandikiwa kwa kalamu, na mhuri juu yake. Mwalimu aliipokea, akaisoma, akacheka mpaka kwenye bajaji.