Salamu za Mfunguo Mosi: mkono wa Idi na watoto wetu

Idi Mubarak kwenu nyote. Mwenyezi Mungu azikubali funga zenu, visimamo vyenu na sadaka zenu, na aturejeshee Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Salamu hizi tunazielekeza hasa kwa wazazi wenye watoto wa miaka mitatu hadi kumi, ambao kwao sikukuu ni nguo mpya, kiwanja cha sikukuu na mkono wa Idi, ile pesa wanayopewa wakienda kuamkia.

Kabla mtoto hajapokea chochote, kuna kinachotoka mikononi mwake. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, uzito wake kama kilo mbili na nusu za mchele, na mtoto mchanga naye hutolewa yake. Wazazi wengi huipima ya nyumba nzima kwa pamoja na kuipeleka usiku, watoto wamelala. Mfungieni kila mtoto pishi yake kwenye mfuko wake. Mpimieni mbele ya macho yake, naye aikabidhi kwa mkono wake kabla ya sala ya Idi. Wa miaka mitano anaumudu mzigo huo kwa hatua chache za mwisho, na hizo zinatosha.

Mkono wa Idi wenyewe ni pesa inayofuata salamu. Mtoto anafika kwa shangazi, anapiga hodi, anavua viatu, anaamkia shikamoo na kubusu mkono, anakaa, anaonja kaimati au tambi, anaulizwa yuko darasa la ngapi, na wakati wa kutoka anatiwa mia tano kiganjani. Siku hizi katika nyumba nyingi mambo yamegeuka: mtoto anasimama mlangoni, kiganja wazi, akishapewa anakimbilia nyumba ya pili. Tusimlaumu. Asubuhi ameambiwa, "Nenda kwa babu ukachukue pesa zako," na ndicho alichokwenda kufanya. Aambiwe badala yake, "Nenda kampe babu Idi Mubarak, ukae naye kidogo." Jioni ulizeni kwanza nani walimwamkia na nani walimkuta anaumwa, ndipo mfike kwenye pesa.

Siku moja au mbili kabla, mfanyieni zoezi hapo hapo sebuleni. Apokee kwa mkono wa kulia, aseme ahsante, amwombee aliyempa, kisha aweke mfukoni bila kuhesabu mbele yake. Aambiwe pia kwamba ziko nyumba ambazo mwaka huu hazina pesa, na humo atapata pipi, kisheti au dua, na shukrani yake iwe ile ile. Kudai mkono wa Idi kwa mjomba aliyezoeleka ni utani wa jamaa na hatuoni ubaya wake. Kudai kwa jirani ambaye huenda amekopa unga wa kaimati ni kumwaibisha mtu mzima mbele ya watoto.

Kwa upande wa mtoaji, kinachoharibika kila mwaka ni chenji. Mwezi unaweza kuandama usiku wa kuamkia thelathini, na kufikia hapo wauzaji wa maduka na mawakala wameshaishiwa noti ndogo. Matokeo yake wale wa kwanza kufika wanapata elfu tano tano na wa mwisho wanaambiwa warudi kesho. Badilisheni pesa wiki moja kabla, na orodha iandikwe. Kwa mfano, watoto ishirini wa mtaani kwa 500 ni 10,000. Wapwa na wajukuu wanane kwa 2,000 ni 16,000. Watoto wenu watatu kwa 5,000 ni 15,000. Jumla ni shilingi 41,000 za Tanzania, na tengeni mikono mitano ya akiba kwa wageni wasiotarajiwa. Kwa Mombasa au Lamu mpango ule ule wa 20, 100 na 200 unafika shilingi 1,800 za Kenya. Jamaa wa Maskati hujipanga kwa noti za baisa 100. Kama orodha inazidi uwezo, punguzeni kiasi cha kila mmoja, msipunguze majina. Na majina ya mwanzo kabisa yawe ya watoto wasio na baba wa kuongozana nao, kwa sababu ndio wanaosahaulika kirahisi kwenye msafara wa mababa na watoto wao.

Baina ya ndugu wa tumbo moja, uadilifu si jambo la hiari. Baba yake sahaba Nuuman bin Bashir alimpa Nuuman zawadi, mama akataka Mtume awe shahidi. Mtume akauliza kama watoto wengine nao wamepewa mfano wake. Alipoambiwa hapana, akasema, "Mcheni Mwenyezi Mungu, na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu," na zawadi ile ikarudishwa. Nyumbani, tatizo hujitokeza kwa njia ambayo wazazi hawaitarajii: mtoto wa miaka minne hajui thamani, anajua idadi. Ukimpa yeye noti moja ya 5,000 na dada yake noti tano za 1,000, atalia siku nzima na kwa hesabu yake ameonewa. Wapeni noti za aina moja, idadi moja, saa moja, mvulana na msichana. Aliye chini ya miaka mitatu apewe noti, kwani sarafu huishia mdomoni na inaweza kumkaba.

Baada ya hapo linakuja suala gumu: nani anashika pesa? Msemo wa "mama anakuwekea" umevunja imani ya watoto wengi. Pesa inaingia kwenye mkoba, inanunua mkaa, na mtoto hasikii tena habari zake. Mwaka unaofuata anaificha soksini, na mzazi anamwita mchoyo. Pesa ile ni mali yake. Mzazi ni mlinzi tu. Daftari dogo linatosha: jina la aliyetoa, kiasi, tarehe. Kila usiku wa sikukuu mtoto anahesabu, mzazi anaandika. Mkilazimika kuitumia, mwombeni, andikeni deni, na mlipe siku mliyoahidi hata kama ni elfu mbili.

Daftari hilo linasaidia na jambo jingine zito. Kila mkono wa Idi unatajwa nyumbani. Mtu mzima anayemwambia mtoto "hii usimwambie mama", au anayetaka kumpa faraghani chumbani, ajulikane siku hiyo hiyo. Mwambieni mtoto wazi kwamba pesa ya Idi hutolewa mbele za watu, haina siri, na hakuna anayeilipia kwa kupakatwa asipotaka.

Halati, yaani dada za mama, na mabinamu walio mbali hutuma kwa simu. Wakumbushwe waongeze ya kutolea, lakini muhimu zaidi ni kwamba mtoto haioni pesa iliyo kwenye simu ya baba. Itoeni kabla ya Idi, itieni kwenye bahasha yenye jina la mtumaji, na mtoto aipokee huku akiongea naye kwa simu. Kwa waliopo Uingereza au Kanada, ambako Idi huangukia siku ya shule na nyumba za jamaa ni mbili tatu, orodha ya simu za kupigwa asubuhi ndiyo inayochukua nafasi ya mtaa. Wengi huko wameanza kufungia watoto wao mabunda ya zawadi. Si vibaya, ila zawadi moja inatosha, na itanguliwe na zile simu.

Kiwanjani, iwe Kariakoo ya Unguja, Tibirinzi ya Chake Chake au Makadara ya Mombasa, mtoto aende na fungu la siku hiyo tu. Zanzibar sikukuu ni siku nne. Mwenye 12,000 aende na 3,000, vinginevyo siku ya kwanza itamaliza zote kwenye bembea na malai. Pesa ikae mfuko wa ndani wenye zipu au pini. Kipochi cha kamba shingoni kinanasa kwenye bembea na kinaweza kumnyonga. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wake. Vitu vya kuchezea vinavyowaka taa vikaguliwe: kifuniko cha betri lazima kiwe na skrubu. Betri ndogo ya duara ikimezwa huunguza koo ndani ya saa mbili. Mkimbizeni hospitali hapo hapo, msimtapishe. Puto lililopasuka okoteni vipande vyote. Fataki hazina umri mzuri wa mtoto.

Na mabinti wasipakwe piko, ile rangi nyeusi ya kuchora maua mwilini. Weusi wake hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo hutoa malengelenge, huacha makovu na inaweza kumwachia mtoto mzio wa maisha. Hina ya majani, iliyokorogwa kwa ndimu na sukari kidogo, ikae saa sita hadi nane. Itaanza rangi ya chungwa na kukolea kwa siku moja au mbili, kwa hiyo ipakwe mapema. Inayotoa weusi ndani ya saa moja si hina tupu.

Siku ya nne, fungueni daftari pamoja naye. Achague kitu kimoja cha kununua mwenyewe dukani, atoe pesa na kupokea chenji yake. Kiasi fulani, akipenda, kiende kwa mtoto mwenzake. Kinachobaki kiwekwe mpaka Idi Kubwa, mwezi 10 Mfunguo Tatu, siku sabini hivi kutoka Idi hii. Nguo za sasa zitamtosha bado, hivyo hakutakuwa na haja ya kuigusa akiba hiyo.