Kina cha udongo kitajwe katika vipimo vya mionzi

Mhariri,

Taarifa za sesiamu-137, elementi yenye mionzi, hutaja bekereli (kipimo cha mionzi) kwa kilo bila kusema udongo ulichotwa kina gani. Hilo ni kosa kubwa. Sesiamu hushikwa na chembe za mfinyanzi, kwa hiyo kwenye ardhi isiyolimwa sehemu kubwa hubaki karibu na uso hata baada ya miaka mingi. Aliyechota sentimita 5 na aliyechota 20 mahali pamoja watapata majibu yanayopishana mara kadhaa, na wote wamepima sawasawa!

Udongo ukatwe tabaka kwa tabaka, na kisu kifutwe kila mara ili la juu lisichafue la chini. Ukaushwe kwa nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike, maana maji hushusha kiwango cha kila kilo. Uchekechwe kwa chekeche la milimita 2, kisha ujazwe chomboni hadi kimo kilekile kilichotumika kusawazisha mtambo wa kupimia mionzi.

Sesiamu iliyomwagwa na ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 hupungua nusu kwa takriban miaka 30. Watafiti hurudia maeneo yaleyale kwa miongo. Pasipoandikwa kina, mrithi wao hana cha kulinganisha.

Msomaji, mpimaji wa mionzi