Likizo ya Kusini: pesa inaishia wapi, na namna ya kuibana

Simu nyingi tunazopokea hapa Mtwara zinaanza na swali moja: siku tano huko kwenu ni shilingi ngapi? Tunamwelewa anayeuliza hivyo. Anataka kujua kama anaweza kuwapeleka watoto baharini bila kukopa. Lakini hatuwezi kumjibu kabla hajatuambia atalala sehemu ngapi, kwa sababu huku kwetu kitanda na sahani ya chakula si vitu vinavyommaliza mtu. Kinachommaliza ni kuhamahama. Gesti safi yenye feni, chandarua na choo cha ndani utaipata Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa Masoko kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu, na wali wa nazi kwa samaki ndicho chakula chetu cha kila siku kwa mama lishe. Ila ukikodi gari la peke yako kutoka Mtwara kwenda Kilwa na kurudi, au boti ya injini mkiwa wawili tu, siku hiyo moja inameza bajeti ya siku kadhaa.

Kwa hiyo ombi letu kwa kila mteja ni hili: chagua vituo viwili, ukae. Kilwa na Mtwara vinatosha kabisa kwa wiki moja. Anayetaka Kilwa, Lindi, Mikindani, Msimbati, Newala na Masasi ndani ya siku sita, tunamwambia wazi kwamba atalipa sana na ataona vioo vya gari kuliko bahari.

Tazama ramani. Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 560. Wazee wetu wanakumbuka enzi za kivuko cha Mto Rufiji pale Ndundu, mtu alipolala bila uhakika wa kufika kesho yake. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga ikaja baadaye, na leo basi linaloondoka Dar alfajiri linafika Mtwara siku hiyo hiyo. Bado ni siku nzima kitini. Kilwa ipo njiani: unashuka Nangurukuru, unapanda hiace kwa kilomita 30 hivi hadi Masoko. Ndiyo maana tunapanga Kilwa wakati wa kwenda, watu wanapumzika siku mbili au tatu, kisha wanaendelea Mtwara. Kurudi, mwenye watoto wadogo afikirie tiketi ya ndege ya upande mmoja, Mtwara kwenda Dar, akiikata mapema. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuweka pesa uliyookoa kwenye malazi. Na anayerudi kwa basi asiangalie tu nani anauza tiketi rahisi. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zipo, zitumie kujua kama unapigwa, hasa Disemba ambapo viti vinagombaniwa.

Sasa kuhusu mwezi wa kuja. Kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika zilizotengana kama Dar au Tanga. Juni hadi Oktoba ni kukavu, usiku kuna ubaridi kidogo, na huo ndio wakati tunaoupenda kuwapokea wageni. Likizo ya shule ya Juni inaangukia humo. Kuna jambo moja tu la kulijua: Juni, Julai na Agosti kusi linavuma kwa nguvu, na mchana bahari ya nje inachafuka. Asubuhi huwa na utulivu zaidi. Anayeogopa mawimbi tunamtoa bandarini mapema na kumrudisha kabla upepo haujakaza. Anayetaka joto na maji yaliyolala aje mwisho wa Septemba au Oktoba, upepo wa matlai unapoingia, na akibahatika atawaona nyangumi, ambao hupita pwani hii kati ya Julai na Oktoba.

Machi hadi mwanzo wa Mei tunapunguza safari, na tunamshauri anayekuja asiweke siku ya kurudi iwe mkesha wa kuingia kazini. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani, mafuriko yaliikata barabara kuu sehemu kadhaa wilayani Kilwa na abiria wakakwama. Weka siku moja ya akiba.

Kilwa: boti hukodiwa nzima

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi kuliko popote, kwa hiyo tutalieleza kwa kirefu.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, iko karibu sana na Masoko; unaiona ukiwa umesimama gatini. Wenyeji wanavuka kila siku kwa mashua za tanga, na mgeni anaweza kuvuka kwa tanga vilevile, kwa bei ya chini kuliko boti ya injini. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni habari nyingine. Ni mbali, inataka injini, mafuta na nusu siku au zaidi. Nahodha hatozi kwa kichwa, anatoza boti. Mkiwa wawili mnalipa boti nzima, mkiwa wanane mnalipa boti ile ile mkigawana. Ndugu wa familia mbili wakikubaliana tarehe, gharama ya kila mmoja inashuka papo hapo bila kumnyima nahodha haki yake. Sisi hatumbani nahodha ashushe bei. Mafuta yamepanda kwake pia. Tunachofanya ni kuunganisha wateja walioomba wiki moja, wakiridhia.

Kibali cha kuingia magofuni hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na malipo ya serikali huenda kwa kontroo namba. Weka pesa kwenye simu kabisa. Ukifika na noti mkononi utaanza kutafuta wakala huku maji yanakukimbia. Kiongozi wa kukutembeza chukua, tena wa kisiwani kwao. Bila yeye utaona kuta tu. Akiwepo utasimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba za matumbawe, akakuonyesha ile sehemu ya zamani ya karne ya 11 au 12 na upanuzi uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji huu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Kwenye Husuni Kubwa, juu ya gema linalotazama bahari, kuna kidimbwi cha pembe nane ambacho watoto hawakisahau. Waambie pia kwamba sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. UNESCO iliviweka Kisiwani na Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, vikatolewa humo mwaka 2014 kutokana na ukarabati. Tunaamini kila Mtanzania anayeweza kufika anapaswa kufika. Ni historia yetu, na kuiona ni rahisi kuliko tiketi za sehemu nyingi zinazotangazwa kila siku.

Kinachoharibu safari ya Songo Mnara ni maji. Bamvua, yaani maji makubwa, inapokuja, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inafika mita tatu na zaidi. Ukifika Songo Mnara saa nne asubuhi siku ya bamvua, boti inasimama mbali, unashuka na viatu mkononi, unatembea kwenye tope katikati ya mikoko, na bibi au babu uliyekuja naye atabaki kwenye boti. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, kama wiki moja baadaye, maji ya asubuhi yapo ya kutosha saa hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekuja na wazee tunampangia wiki ya maji mafu. Anayetaka kutembea juu ya mwamba maji yakiwa yametoka, kuona pweza wanavyovuliwa na akina mama, tunampa bamvua. Gharama ni ile ile, safari mbili tofauti kabisa.

Jambo hilo lina maana hata kwa kuogelea tu. Shangani hapa Mtwara, saa nne asubuhi ya bamvua unakutana na mchanga, mwani na mawe. Familia inafika na kofia zake, watoto wanauliza bahari iko wapi. Siku hiyo hiyo rudini saa tisa alasiri, maji yako mguuni.

Mtwara na Mikindani

Huku pesa inakaa mfukoni. Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini na daladala zinapita siku nzima. David Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho bara, Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Lakini uzuri wa Mikindani ni kutembea tu: vichochoro, milango ya nakshi, nyumba za mawe ambazo nyingine zinaanguka na nyingine zimeshikiliwa na familia zilizorithi. Salimieni watu. Mtoto akiamkia wazee barazani, mnaweza kuonyeshwa ndani ya nyumba ambayo hakuna kiongozi angewafikisha. Vaeni kwa heshima mjini; nguo za kuogelea ziwe za ufukweni. Na kama likizo yenu imeangukia Ramadhani, mchana vyakula vya barabarani ni vichache, ila jioni mtafuturu vizuri.

Msangamkuu mnavuka kwa panton kutoka feri ya Mtwara, nauli ndogo, ufukwe mrefu. Bebeni maji ya kunywa.

Msimbati ndiyo tunayoulizwa zaidi, na ni kweli ufukwe wake hauna mfano kwetu. Ni kama kilomita 45 kutoka mjini, kupitia Madimba, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio, na kiwango cha raia ni tofauti na cha mgeni wa nje, kwa hiyo njoo na kitambulisho cha taifa. Kupita kijijini njia ni mchanga mtupu, gari dogo linanasa. Tunapeleka watu kwa hiace ya pamoja hadi panapofikika, wenye kutaka kufika mbele tunawakodia gari la kupanda mchanga.

Hapa tuseme na la usalama, maana mteja ana haki ya kulisikia kutoka kwetu. Ng'ambo ya Ruvuma, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji limekuwa na mapigano tangu 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Hatupeleki mteja kwenye kingo za Ruvuma, na kabla ya safari yoyote ya Msimbati tunauliza hali ilivyo siku hiyo. Ndugu mnaokuja na wageni kutoka Ulaya, someni tahadhari za nchi zao: Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikiwashauri raia wake waepuke ukanda wa kilomita 20 kutoka mpaka huo isipokuwa kwa safari ya lazima, na bima ya mtu inaweza kukataa kulipa akiupuuza ushauri huo. Kwa wageni hao tunapanga Mikindani, Msangamkuu na Kilwa.

Wengine hutuuliza Tendaguru. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, imesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Kwenye kilima chenyewe kuna pori na historia, hakuna jumba la makumbusho. Asiye na gari imara asitumie pesa yake huko. Newala tunaipendekeza zaidi kwa mwenye siku ya ziada: unasimama Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini yako lote, na jioni utatafuta sweta.

Chakula hatutakieleza sana, mtakula wenyewe. Ila basi likisimama Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi na Mtwara, nunueni ming'oko. Ni mizizi ya porini, inachemshwa, inamenywa, inanyunyiziwa chumvi na pilipili. Korosho nunueni kwa akina mama wanaobangua na kukaanga wenyewe, onjeni kwanza. Kuanzia Oktoba msimu wa korosho unapochanganya, wanunuzi na madalali wanajaza gesti za Masasi na Newala, kwa hiyo wekeni chumba mapema. Na chandarua msikiache kwa sababu kuna feni. Malaria ya huku si ya kuchezea.

Ukitupigia, tuambie tarehe, idadi ya watu, umri wa mdogo na wa mkubwa kabisa, na nani kati yenu hawezi boti. Tutaangalia jedwali la maji na kukurudishia siku zinazofaa, pamoja na mchanganuo wa gharama ya gari, boti, vibali na vyumba, kila kimoja peke yake, ili uone cha kukata. Kama tarehe zako haziwezi kusogea, anza kwa kutuambia hilo, tujue kama Songo Mnara inawezekana au tuitoe kwenye safari kabla hujalipa chochote.