Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Sikio moja likifa, nalo lihesabiwe

Kwa Waziri wa Afya,
Afya House, Cathedral Road,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: VIFAA VYA KUSIKIA KWA VIZIWI WA SIKIO MOJA

Mimi ni mkazi wa Umoja. Sikio langu la kulia halisikii chochote. La kushoto ni zima. Nikieleza hivyo, jibu huwa lile lile, hata kutoka kwa wahudumu wa afya: shukuru Mungu umebakiwa na moja. Namshukuru. Lakini shukrani hainivushi Jogoo Road jioni magari yakiwa yamejaa. Ubongo hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili: lipi limeipata kwanza, lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Mwenye moja hana cha kulinganisha. Honi ya bodaboda naisikia vizuri sana, ila sijui niruke upande gani. Na penye kelele, Gikomba au ndani ya matatu yenye muziki, anayenisemesha upande wa kulia huondoka akidhani nina maringo.

Nakuandikia kwa sababu ya kipimo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu ana ulemavu wa kusikia akipoteza zaidi ya desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika sikio lake lililo bora. Kwa hesabu hiyo mimi sina tatizo lolote. Ila ripoti ya shirika hilo hilo ya mwaka 2021 kuhusu usikivu iliwapa viziwi wa sikio moja daraja lao: sikio zuri limepoteza chini ya desibeli 20, baya 35 au zaidi. Ombi langu kubwa ni kwamba fomu za tathmini ya ulemavu na orodha ya malipo ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, zilitaje daraja hilo wazi, ili daktari asiachiwe kuamua kwa huruma yake. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha. Hakikuuliza ni masikio mangapi.

Mkishalitaja, msinunue mashine ya aina moja mkatugawia sote. Mashine ya kawaida huongeza sauti, na kwa sikio lililokufa kabisa huko ni kutwanga maji kinuni. Hata hivyo niliuziwa mashine hiyo katika duka moja la katikati ya jiji, bila kuruhusiwa kuijaribu kwanza nyumbani wala kazini.

Kinachotufaa wengi wetu ni vifaa vya aina ya CROS. Unavaa viwili: cha sikio bovu ni maikrofoni tu, kinanasa sauti na kuirusha bila waya hadi cha sikio zima. Hakuna upasuaji. Sikio zima nalo likianza kudhoofika, iko BiCROS, ambayo huliongezea sauti pia. Zina kasoro yake: kelele ya upande wa sikio bovu nayo huletwa, na bado hutajua honi imetoka wapi. Lakini jirani akikusalimu kutoka upande huo, utamsikia.

Njia ya pili hupitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa hadi sikio zima. Ilianzia Gothenburg, Sweden, mwaka 1977, kwa skrubu ya titani inayoshikana na mfupa. Mtoto mdogo hahitaji kupasuliwa. Hufungiwa kifaa hicho kwa mkanda laini kichwani, na hata mtu mzima anaweza kukijaribu hivyo kabla ya kuamua.

Kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio ili kuiamsha neva ya kusikia, ndicho pekee kinachorudisha sauti ndani ya sikio lenyewe lililokufa, na wengi hupunguziwa pia ule mlio unaosikika sikioni usiku na mchana. Marekani ilikiidhinisha kwa viziwi wa sikio moja mwaka 2019, kuanzia umri wa miaka 5. Upasuaji huo hufanywa hapa Nairobi. Lakini ni ghali, neva ya kusikia lazima iwepo, na kadiri sikio linavyokaa kimya miaka mingi ndivyo faida inavyopungua. Kama kalamu ya bajeti ingekuwa mkononi mwangu, ningeanza na CROS kwa watu wazima, na maikrofoni ya kumvalisha mwalimu, inayorusha sauti yake hadi sikioni mwa mtoto, kwa watoto walio katika madarasa yaliyofurika. Vipandikizi ningewawekea kwanza wale waliopoteza sikio juzi.

Hao wa juzi wananisumbua zaidi. Kuna uziwi unaokuja ghafla: mtu analala mzima, anaamka sikio moja limezima. Akienda kliniki huambiwa ni nta au mafua, akapewa matone ya sikio. Dawa za steroidi husaidia zikianzwa mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza, na siku hizo ndizo zinazopotelea kwenye matone. Uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili, ungeweza kuokoa muda huo. Ukiupiga na kuusimamisha katikati ya paji la uso, sikio lililozibwa na nta ndilo litakalousikia zaidi. Ikiwa ni neva imeharibika, sauti itaegemea sikio zima. Hauhitaji umeme. Kila zahanati iwe nao, na anayeutumia awe na idhini ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari wa masikio siku hiyo hiyo. Najua zahanati ziko chini ya kaunti, lakini mwongozo wa matibabu hutoka kwako.

(Matubwitubwi pia huua sikio moja, na chanjo wanayopewa watoto wetu ni ya surua na rubela tu. Hiyo ni barua nyingine.)

Tangu Oktoba 2024 mshahara wangu hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya, na sidai nilipiwe kila kitu. Nataka kujua kwa tarehe ni lini daraja hilo litaingizwa, na kama SHA itaweka sharti kwamba hakuna muuzaji atakayelipwa kabla mgonjwa hajakijaribu kifaa. Naomba jibu kwa maandishi. Kwa simu tutasumbuana.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Umoja, Nairobi