Asiseme "ni kweli"

Mama,

Tangu uniambie jana kwamba kitinda mimba wako amekata shauri kukubali mahakamani Jumatatu kosa la kupokea simu ya wizi "ili yaishe", sijapata usingizi. Tafadhali msomee barua hii wewe mwenyewe leo jioni akitoka kibandani, simu yake ikiwa imezimwa.

Unajua kazi yangu hapa Minneapolis ni ukalimani mahakamani. Huku Marekani, kesi zaidi ya 90 katika kila 100 za jinai zinazoishia kwa mtu kutiwa hatiani huishia kwa kukiri. Kabla ya hapo jaji huuliza: unaelewa unaacha haki ya kusikilizwa na juri, yaani raia wanaoamua kama una hatia? Haki ya wakili wako kuwahoji mashahidi? Haki ya kunyamaza? Wiki jana mama mmoja alinijibu "ndiyo" kabla sijamaliza kutafsiri swali. Mkononi alifinya kadi ya basi mpaka ikapinda. Alikuwa anawaza watoto watakaotoka shule. Nilitamani kumwambia: ngoja kidogo, mama. Mkalimani haruhusiwi kushauri.

Ninyi ni damu yangu, nitawashauri.

Huko Nairobi karani atamsomea mashtaka, na maneno mawili tu, "ni kweli", yatamtia hatiani. Simu ile aliletewa abadilishe kioo, hakujua imeibwa. Kosa la kupokea mali ya wizi linataka mtu awe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Sasa akubali nini? Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu (Penal Code) kinafika miaka 14 jela. Huyo afande aliyemwambia ni faini kidogo siye atakayetoa hukumu. Na akishakiri, rufaa inabaki ya adhabu tu. Hatia haigusiki tena kirahisi.

Aseme "si kweli", kwa sauti. Kisha aombe nakala za taarifa za mashahidi na muda wa kujitayarisha. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa vyote viwili. Hata ulimi ukiteleza, maelezo ya kesi yatasomwa baadaye. Hapo apinge, aseme hakujua simu ni ya wizi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Pesa za wakili natuma kesho kwa M-Pesa. Usiende kwa shylock, hao wakopeshaji wa riba kubwa, wala usiuze cherehani.

Na ile risiti ya kioo, Mama? Alisema aliitia kwenye kopo la skrubu. Mwageni lote usiku huu.

Mwanao