Miguu ikipoa ghafla msikande mafuta

Mhariri salamu, nipe nafasi kidogo. Ami yangu hapa Lamu alishikwa ghafla usiku na maumivu ya miguu yote miwili, ikawa baridi kama samaki wa kwenye barafu, imepauka, ukiifinya hasikii, na sisi tukakaa tunaikanda na mafuta ya nazi tukidhani ganzi, mmoja akasema ni upepo mbaya huo. Zahanati akapewa dawa ya maumivu tu akarudishwa nyumbani!! Hakuna hata aliyemgusa juu ya wayo kuangalia kama mshipa unapiga.

Kumbe ni bonge la damu. Daktari wa mwisho alituchorea, mshipa mkubwa unaotoka moyoni ukifika karibu na kitovu unagawanyika, mmoja mguu huu mmoja ule, sasa bonge likichomoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye moyo unapiga ovyo ovyo, linakuja kukaa pale njia panda kama mtu aliyepanda punda, huku na huku, damu haipiti. Baada ya masaa sita hivi nyama zinaanza kufa. Na dawa ipo, tangu miaka ya 1960 Thomas Fogarty wa Marekani alibuni mrija mwembamba wenye kibaluni cha kulivuta hilo bonge. Lakini sisi mpaka uvuke bahari kwenda Mokowe upande wa bara, halafu barabara ndefu mpaka hospitali kubwa, masaa sita yameshakwisha.

Ami amebaki na mguu mmoja. Wahusika, hata kwenye zahanati wafundisheni kushika mshipa wa mguu basi.

Msomaji, Langoni, Lamu